Mwenye Haki na Mstari Wake

Miongoni mwa michezo ya mpira, wa kikapu ndio usiojua kutulia. Wachezaji kumi hupishana katika kiwanja chenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na kilichokuwa shambulio hugeuka ulinzi kabla mtazamaji hajamaliza kupangusa jasho. Lakini mara kadhaa katika kila pambano mbio zote hizo hukatika. Saa husimamishwa. Watu tisa hutakiwa wakae mahali pao, na mmoja peke yake hupewa mpira, akaonyeshwa mstari, akaachiwa njia iliyo wazi baina yake na goli. Hakuna aliye na ruhusa ya kumzuia. Huo ndio mtupo huru, na alama inayopatikana kwao ni moja tu.

Watazamaji wengi huutumia muda huo kupumzisha macho. Yupo anayemgeukia jirani yake amthibitishie kwamba faulo ile haikuwa faulo, na yupo anayemwita muuza njugu. Asiyeweza kupumzika ni mwamuzi. Mchezo unaposimama ndipo kazi yake inapozidi uzito, kwani sasa anatakiwa ailinde haki iliyokwisha kutolewa. Faulo yenyewe amekwisha kuihukumu: aliyefanyiwa ubaya ametambuliwa na fidia yake imekadiriwa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba fidia hiyo inamfikia mwenyewe bila ya kuporwa na wapinzani, na kwamba mwenyewe naye haitumii kujipatia zaidi ya alichostahiki. Ni mambo mawili yanayovutana, na yote yanatakiwa yaamuliwe kwa pumzi chache.

Haki hiyo haikuzaliwa pamoja na mchezo. James Naismith alipoubuni mpira wa kikapu mnamo Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, na kanuni zake 13 zilipochapishwa Januari 1892, hapakuwamo mtupo huru hata mmoja. Adhabu ya faulo ilikuwa ya jumla: timu ikifanya faulo tatu mfululizo, na wapinzani wasifanye hata moja katikati, wapinzani hao huandikiwa goli. Aliyesukumwa hakupata chochote cha kwake. Maumivu yake yalitiwa katika hesabu ya timu, yakangojea ya wenzake wawili. Katika muongo uo huo wa 1890 mtupo huru ukaanzishwa, na mstari wake ukawekwa futi 15 kutoka golini, umbali ambao hadi leo haujabadilika kwa kiasi cha kutajika. Hata hivyo, kwa miaka mingi timu iliruhusiwa kumteua fundi wake mmoja wa mitupo arushe kwa niaba ya wote. Mmoja akaumia, mwingine akalipwa. Ni katika miaka ya 1920 ndipo kanuni za Marekani zilipokata shauri kwamba aliyefanyiwa faulo ndiye atakayerusha, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Badiliko hilo ndilo linaloeleza yote yanayofuata. Haki ikishakuwa ya mtu mmoja mwenye jina na namba mgongoni, sheria hailazimiki tena kuuliza timu gani imefaidika. Huuliza mwenye haki amefanya nini na haki yake, kisha ikauliza wengine wamemfanyia nini. Maswali haya mawili yanafanana kwa juu. Majibu yake, kama itakavyoonekana, yamejengwa juu ya misingi miwili iliyo mbalimbali.

Kanuni zinazochezewa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Kigali ni za Shirikisho la Mpira wa Kikapu Duniani, yaani FIBA. Kwa mujibu wake, mstari wa mtupo huru una urefu wa mita 3.60 na umepigwa mita 5.80 kutoka mstari wa nyuma ya goli, ambayo ni mita 4.60 mbele ya ubao. Ringi iko juu kwa mita 3.05. Kandokando ya eneo la sekunde tatu huruhusiwa kusimama watu wasiozidi watano: watatu wa timu inayolinda na wawili wa timu ya mrushaji, wamepangwa kwa kupishana, na walinzi ndio walio karibu zaidi na goli. Hao ndio wanaongojea mpira ukikosa waugombee. Wasiokuwa na nafasi pale hutakiwa wakae nyuma ya mstari wa mtupo huru na nje ya mstari wa alama tatu.

Mwamuzi mmoja husimama chini ya goli. Humwonyesha kila mtu kwa vidole idadi ya mitupo iliyobaki, kisha humdundia mrushaji mpira. Mwingine husimama mbali na goli, akimtazama mrushaji na kuhesabu. Tangu mpira unapokuwa mikononi mwake, mrushaji ana sekunde tano za kuuachia. Hana ruhusa ya kukanyaga mstari wala kuingia eneo la mbele yake mpaka mpira uwe umeingia au umegusa ringi. Hana ruhusa ya kujidai anarusha kisha akauzuia mpira mkononi. Na mtupo wake, ukiwa hauingii, sharti angalau uiguse ringi.

Zaidi ya hayo sheria haina neno naye. Arushe kwa mkono mmoja au miwili, kutoka kifuani au kutoka juu ya kichwa, hilo ni lake. Rick Barry, mmoja wa warushaji stadi kabisa katika historia ya ligi ya Marekani, aliurusha mpira kutoka chini, baina ya magoti, kwa mikono miwili, mtindo ambao wengine waliuonea haya kwa kuuona wa kitoto. Usiku wa Machi 2, 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain alipofunga alama 100 katika mchezo mmoja, mitupo huru 28 kati ya 32 ilimwingilia, naye siku hizo akirusha kwa mtindo huohuo wa chini. Baadaye aliuacha, na hakuwahi tena kuwa mrushaji wa kutegemewa. Waamuzi hawakuwa na la kusema kuhusu mtindo wowote kati ya hiyo. Anayejua utungaji wa mashairi hatastaajabu, kwani uhuru wa namna hii huwezekana pale tu ambapo mipaka michache iliyowekwa imewekwa kwelikweli. Chamberlain huyohuyo ndiye anayesimuliwa kuwa, alipokuwa kijana wa chuo, aliweza kuruka kutoka nyuma ya mstari na kuutia mpira ndani kwa mkono wake kabla miguu haijagusa chini. Mwaka 1956 kanuni za vyuo vya Marekani zikaizuia njia hiyo. Mtindo wa mtu ni wake, lakini mstari si wake peke yake.

Sasa na zije hukumu zenyewe. Mrushaji akikiuka kanuni, mathalani akakanyaga mstari mpira ukiwa bado hewani, alama haihesabiwi hata kama mpira umepita katikati ya ringi bila ya kuigusa. Kama ulikuwa mtupo wa mwisho, wapinzani hupewa mpira waurushe kutoka nje. Zaidi ya hayo, kosa lolote la mtu mwingine lililotokea wakati uleule halitazamwi tena. La mrushaji limelifunika. Hakuna anayepima kama kidole chake cha mguu kilimsaidia. Huenda hakikumsaidia hata kidogo. Mstari umeguswa, basi.

Lakini anapokosea mwingine, mizani hubadilika. Mlinzi akikurupuka na kuingia eneo la sekunde tatu kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, mwamuzi hungoja. Mpira ukiingia, alama huhesabiwa na kosa la mlinzi huachwa kana kwamba halikutokea. Mpira ukikosa, mrushaji hupewa mtupo mwingine badala ya ule. Ikiwa aliyekurupuka ni mwenzake mrushaji, alama ikiingia huhesabiwa pia, lakini mtupo wa mwisho ukikosa wapinzani huchukua mpira. Na pande zote mbili zikikosea kwa pamoja katika mtupo wa mwisho uliokosa, huhesabiwa kuwa mpira wa kurushwa juu, na kwa kuwa siku hizi mpira haurushwi juu ila mwanzo wa mchezo, mshale ulioko mezani ndio unaoonyesha zamu ni ya nani.

Msomaji akiziweka hukumu hizi sambamba ataona tofauti ya misingi. Kosa la wengine hupimwa kwa madhara yake: limemnyima mwenye haki haki yake, au halikumnyima? Kama halikumnyima, kumwadhibu mkosaji kungekuwa ni kuusimamisha mchezo kwa ajili ya heshima ya filimbi tu. Kosa la mwenye haki halipimwi hivyo. Yeye amepewa kitu ambacho hakuna mwingine uwanjani aliyepewa: njia tupu, saa iliyosimama na mpira usio na mpinzani. Anayepewa vyote hivyo hana hoja ya kusema kwamba kosa lake halikumdhuru mtu. Kipo kinachodhurika, nacho ni ile maana iliyowafanya watu tisa wakubali kusimama wakimtazama.

Mafakihi wa mchezo huu hawakuafikiana katika kila mas'ala. Kanuni za shule za sekondari za Marekani ni kali zaidi kwa mwenzake mrushaji: akikiuka yeye, mpira hufa palepale na alama haiwezi kuhesabiwa, uingie usiingie. Huko mrushaji hupewa sekunde kumi badala ya tano. Na huko, kabla ya msimu wa 2014–15, waliosimama kandoni walilazimika kungojea mpato au mguso wa ringi ndipo waingie, ilhali sasa huingia mara tu mpira unapoachiwa. Ni kama madhehebu mawili yaliyokubaliana juu ya asili na kutofautiana katika matawi: dhehebu moja linaona timu ni mwili mmoja, kosa la kiungo ni kosa la mwili, la pili linaona mrushaji hana mkono katika haraka ya mwenzake, basi asinyang'anywe kwa ajili yake. Kila upande una hoja, na mwamuzi anayevuka kutoka kanuni moja kwenda nyingine hana budi kuiacha ya kwanza mlangoni.

Katika kiwanja cha shule ya Marekani, mwamuzi anayemwona mlinzi amekurupuka hapulizi filimbi. Hunyoosha mkono ubavuni na kufunga ngumi, akakaa hivyo huku mpira ukipaa. Ngumi ile inasema: nimeona. Haisemi zaidi ya hapo. Mpira ukiingia, mkono hushuka kimya kimya na watu wengi hawatambui kwamba pameandikwa na kufutwa kesi nzima. Ukikosa, ndipo filimbi inapolia. Ni ishara ndogo, lakini ni vigumu kuikuta mahali pengine pa kutolea hukumu. Aghalabu mtu mwenye mamlaka akiliona kosa hutamani lijulikane kuwa ameliona, na hulitangaza mara moja ili asije akadhaniwa kuwa kipofu. Mwamuzi huyu analazimishwa na kanuni aizuie pumzi yake. Akipuliza kabla ya wakati, mpira ulio hewani hufa na huenda aliyekuwa afunge akapoteza alama yake kwa kosa la mpinzani. Filimbi ya haraka ingekuwa imemsaidia mkosaji. Kumbe katika mas'ala haya subira ni sehemu ya hukumu yenyewe, wala si tabia njema iliyoongezwa juu yake.

Jambo jingine linalomzuia mwamuzi ni nia. Wanazuoni wana kauli mashuhuri kwamba kadhi huhukumu kwa yaliyo dhahiri, na yaliyofichika huachiwa Mwenyewe Mungu. Katika sekunde za mwisho timu iliyo nyuma kwa alama mbili, nayo imebakiwa na mtupo mmoja, mara nyingi hutaka mtupo ule ukose, ili mpira udunde juu ya ringi na mmoja wao aunyakue afunge. Kila mtu ukumbini anajua nia ya mrushaji. Mwamuzi naye anajua. Lakini kukosa kwa makusudi si ukiukaji. Kinachotazamwa ni kama mpira umeigusa ringi. Ukigusa, mchezo uendelee. Usipogusa, wapinzani wapewe mpira. Hali kadhalika hila ya kujidai: mwamuzi haulizi kama mrushaji alitaka kuwahadaa wapinzani wakurupuke au alishikwa na wasiwasi tu. Mkono ulianza, mkono ukazuiliwa. Hilo linaonekana, na linaloonekana latosha.

Pamoja na hayo, sheria haikuwa na moyo mgumu kiasi cha kutouliza nani alianza. Mpinzani haruhusiwi kumbughudhi mrushaji kwa kupiga makofi, kupunga mikono au kumpigia kelele akiwa anarusha. Je, akimbughudhi, na mrushaji kwa kushtuka akakanyaga mstari? Kanuni za shule za Marekani zinajibu kwamba kosa la mrushaji limezaliwa na bughudha ile, kwa hiyo apewe mtupo mwingine. Na mlinzi akifanya mzaha wa kuingia ili amvute mwenzake mrushaji aingie, anayeadhibiwa ni aliyevuta. Hapa mwamuzi analazimika kuona vitu viwili vilivyotokea karibu kwa pamoja, na kusema kipi kilikuwa mama na kipi mtoto. Hakuna kipimo cha futi wala cha sekunde kinachomsaidia. Anasaidiwa na mahali aliposimama, na kwa kuwa alikuwa akitazama.

Bughudha ya watazamaji, kinyume chake, haina adhabu. Walioko nyuma ya goli huruhusiwa kupunga vitambaa na kupiga mayowe mpaka sauti ziwakauke. Kisa cha Giannis Antetokounmpo kinalionyesha hilo vizuri. Mchezaji huyo wa Milwaukee, mzaliwa wa Athens wa wazazi kutoka Nigeria, alikuwa na desturi ya kuchukua muda mrefu mstarini: kuvuta pumzi, kudunda mpira, kuutazama, kudunda tena. Katika mechi za mchujo za 2021 waamuzi walimpulizia kwa kuvuka sekunde kumi zinazoruhusiwa na ligi ya Marekani. Baada ya hapo watazamaji wa miji ya ugenini wakalivumbua jambo: kila aliposimama mstarini, ukumbi mzima ulihesabu kwa sauti moja, moja, mbili, tatu, na mara nyingi hesabu yao ilikimbia kuliko saa.

Aliyekuwa katika mtihani mkubwa zaidi pale alikuwa mwamuzi. Antetokounmpo alipaswa kurusha tu. Mwamuzi alipaswa kuhesabu kumi zake kimoyomoyo huku maelfu ya watu wakimhesabia kumi zao masikioni. Kuifuata hesabu yao kungekuwa dhulma kwa mrushaji. Na kuichelewesha yake kwa makusudi, ili aonekane hakutishwa nao, kungekuwa dhulma kwa wapinzani, ambao nao walikuwa na haki katika sekunde zile. Umma unaweza kuwa na haki katika shaka yake na ukakosea katika hesabu yake. Kumi ya mwamuzi hutakiwa ibaki kumi. Julai 20, 2021, katika mchezo wa sita wa fainali, Antetokounmpo alifunga alama 50, na mitupo huru 17 kati ya 19 iliingia. Milwaukee ikaifunga Phoenix 105 kwa 98 na kutwaa ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1971. Ni kweli kwamba usiku ule alikuwa nyumbani kwao na hapakuwa na umati wa kumhesabia. Lakini mstari ulikuwa uleule, na sekunde zilikuwa zilezile.

Ikiwa kisa hicho kinaonyesha hesabu iliyohimili, kipo kingine kinachoonyesha hali inavyokuwa swali la mstarini likiachwa bila ya jibu. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 1972, mjini Munich, katika fainali ya Michezo ya Olimpiki, Marekani ilikuwa nyuma ya Umoja wa Kisovieti kwa 49 dhidi ya 48 zikiwa zimebaki sekunde tatu. Doug Collins alinyang'anya mpira, akakimbilia goli, akaangushwa kwa kishindo. Akainuka akiwa na kizunguzungu, akaenda mstarini. Mtupo wa kwanza ukaingia. Alipokuwa anauinua mpira wa pili, king'ora cha mezani kikalia. Collins hakusita. Mpira ukaingia: 50 kwa 49.

Kwa upande wa mrushaji hukumu ilikuwa nyepesi, kwani mtupo ulioingia hufuta swali la kuwa alibughudhiwa au la. Lakini king'ora hakilii chenyewe. Wakufunzi wa Kisovieti walidai kwamba waliomba mapumziko mafupi na hawakupewa. Je, waliyaomba kwa wakati wake? Je, kama ni haki yao, walistahiki wayapate kabla ya mtupo ule au baada yake? Hilo lilikuwa swali la kujibiwa palepale, mpira ukiwa bado haujaingizwa mchezoni. Halikujibiwa. Mpira ukaingizwa, kisha mchezo ukasimamishwa kwa vurumai ya mezani. Katibu mkuu wa FIBA, William Jones, akashuka kutoka jukwaani na kuamuru sekunde tatu zirudishwe, ingawa hakuwa mwamuzi wa mchezo. Zikachezwa tena kabla saa haijawekwa sawa, king'ora kikalia, Wamarekani wakakumbatiana kwa furaha. Zikarudishwa kwa mara ya tatu, na safari hii Ivan Yedeshko akaurusha mpira kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi wa pili, Alexander Belov akaudaka na kufunga. Matokeo: 51 kwa 50. Mwamuzi Mbrazili, Renato Righetto, alikataa kuitia saini karatasi ya matokeo. Rufaa ya Marekani ilikataliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili, na wachezaji wake hawakuzipokea medali za fedha.

Watu hubishana hadi leo nani aliporwa usiku ule. Lililo wazi zaidi ni kwamba sekunde tatu zilichezwa mara tatu kwa sababu shaka iliyozuka katika mtupo huru haikukatwa katika mtupo huru. Ilitoka mstarini, ikaenda mezani, ikapanda jukwaani, ikafika katika baraza la rufaa, na kila ilipohama ilizidi kuwa kubwa na wa kuikata alizidi kuwa mbali na alichokiona. Mwamuzi aliyeko uwanjani hukosea. Lakini kosa lake, likiwa limetolewa kwa wakati wake na kwa msingi unaojulikana, watu huweza kulimeza na kucheza sekunde inayofuata. Uamuzi uliocheleweshwa huwaacha wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa, wakiwa na nusu ya kitu.

Wapenzi wa mashairi wana mahali pa kuupimia ukweli huu. Shairi la mizani kumi na sita kwa kila mshororo linaposomwa mbele ya wajuzi, msomaji anaweza kuwa na sauti ya kuwaliza wasikilizaji na maneno ya kuwatia tafakuri. Mjuzi aliyekaa pembeni akihesabu kwa vidole hasikii vibaya; naye huenda anatokwa na machozi. Lakini mshororo ukiwa na mizani kumi na tano, umepungua, na sauti haiujazi. Hilo ni kosa la mwenye shairi, aliyepewa uwanja na ukimya wa watu. Mtu akikohoa katikati ya usomaji ni jambo jingine: likimharibia msomaji, arudie ubeti, lisipomharibia, nani ana haja ya kumsimamisha mkohozi? Vigezo viwili, kama vile vya mstarini, na anayevichanganya huishia ama kumnyanyasa mkohozi ama kumsamehe mtunzi.

Uzito wa mambo haya hauhisiwi Milwaukee na Munich peke yake. Kisiwani, ambako mji ni mdogo na nasaba zimesukana, mwamuzi wa jioni huwa ni mtu anayejulikana kwa jina la baba yake. Anayerusha huenda ni mtoto wa jirani, na anayekurupuka kandoni huenda ni mpwa wake. Akimpokonya mtoto yule alama aliyoifunga kwa sababu ya ncha ya kiatu iliyogusa rangi nyeupe, kesho watakutana barazani, na hatakosekana mzee wa kumuuliza: "Mwanangu, kidole kile kilimdhuru nani?" Swali la mzee si la upuuzi. Ni swali sahihi kabisa kwa kosa la mlinzi. Kwa kosa la mrushaji si mahali pake, na kumweleza mzee tofauti hiyo kwa adabu, bila ya kuuchezea ukweli, ni sehemu ya uamuzi ambayo haimo katika kitabu cha kanuni.

Atakayemweleza vizuri hatamtajia FIBA. Atamkumbusha kwamba kijana yule alisukumwa, na kwamba kwa ajili yake mchezo mzima ulisimamishwa, watu tisa wakazuiwa, na waamuzi wakawa walinzi wake. Mpwa wake mwenyewe, ambaye mwamuzi alimwona amekurupuka, alikuwa amekwisha kutayarishiwa hukumu endapo mtupo ungekosa. Katika vyote hivyo kijana hakuombwa malipo ila moja: akae nyuma ya mstari mpaka mpira ufike. Mstari ule haukupigwa kwa ajili ya kumbana. Ndio uliomfanya yeye awe yeye, na mtupo ule uwe wake.